Msinitenganishe na Elieza

Mwesiga, funga huo mlango halafu ukae. Klaudia, weka hilo beseni chini, mwanangu, sitapiki sasa hivi, nina kazi ya kusema. Kaka Kaijage, wewe usiondoke. Umeshika fimbo kama mtu aliyekumbuka ng'ombe wake, na ng'ombe huna tangu mwaka juzi. Kaa. Na wewe Elieza, toka huko kwenye kona ulikojibanza tangu asubuhi kama mgeni aliyekuja kuomba mbegu, uje hapa kitandani, upande huu wa kushoto, ulikozoea. Nitasema mara moja tu, maana pumzi iliyobaki haitoshi kurudia, na asinikatize mtu, hata kama ni kwa kunionea huruma.

Nianze na mali, kwa sababu najua ndiko masikio yalikoelekea, na siwalaumu. Mwesiga, wewe ndiye omusika wangu, mrithi. Nyumba hii na migomba yote inayoizunguka ni yako, na usiuze hata kipande cha kujengea kibanda cha simu. Klaudia, shamba la kahawa la juu, kuanzia mtaroni mpaka barabarani, ni lako, na atakayesimama kwenye kikao cha ukoo kusema binti hapewi kibanja, mwambie shamba lile si la ukoo, baba yako alilinunua kwa raketi ya tenisi. Kaka Kaijage, unalijua hilo, usitazame dari. Karatasi ziko kwenye sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda hiki. Na kombe tulilolishinda Kampala mimi na Elieza liendelee kama siku zote: kuanzia Krismasi hadi mwisho wa Juni linakaa hapa Kanazi, kisha linakwenda Muleba kwa Elieza mpaka Krismasi nyingine. Hata nikiwa kaburini zamu yangu isirukwe.

Basi, mali imekwisha. Sasa tuje kwenye lile mnalolipika.

Mlidhani nimelala. Ini ndilo limekufa, wanangu, masikio hayajafa. Juzi mchana mlikaa jikoni, nyinyi wawili na baba yenu mkubwa, mkapanga kwamba kesho hii saa tatu aje mtu wa dawa kutoka huko ng'ambo ya mto, aje na kondoo wake, atufungue mimi na Elieza, avunje omukago wetu, undugu wetu wa damu, ili ile buni iliyomo tumboni mwangu isije ikavimba na kwenye matumbo ya wajukuu. Mawe, mama yangu wee! Klaudia, wewe ni muuguzi. Kila siku unachoma watu sindano pale zahanati ya Kemondo. Ni wewe uliyenisomea majibu ya hospitali, ukanieleza kwa upole kwamba ini limekuwa gumu na ndiyo maana maji yanajaa. Maji yametolewa mara mbili ukiwa umenishika mkono. Uliona buni humo ndani? Walikuonyesha kahawa kwenye ile ndoo?

Nawajua, mmeogopa. Mna watoto, na hofu ya mzazi haina elimu. Lakini mmeogopa kitu msichokijua, kwa hiyo nitawaambia, na wewe Kaijage utasikiliza hata kama ulikuwepo.

Omukago tuliula mwaka 1981, huko Muleba, kwa babu yake Elieza, siku mbili kabla ya kwenda Nairobi kucheza tenisi kwa mara ya kwanza kama watu wa kulipwa. Mzee alitukata kidogo chini ya kitovu, akachukua tunda moja la kahawa, akalimenya, akatoa zile buni mbili zinazolala pamoja ndani yake. Moja akaipaka damu yangu akampa Elieza, nyingine akaipaka damu ya Elieza akanipa mimi, tukameza. Akasema, kuanzia leo nyinyi ni ndugu kuliko wa tumbo moja, na atakayemtupa mwenzake buni hii imvimbe tumboni mpaka imuue. Paroko wangu aliposikia alisema ni upagani, mchungaji wa Elieza naye akasema ni upagani, na nadhani hilo ndilo jambo pekee Wakatoliki na Walutheri walilokubaliana mwaka ule.

Halafu tukaondoka kwenda kucheza, tukacheza miaka kumi na minne. Nairobi, Kampala, Lusaka, Harare, Kairo, na vimiji vya Ulaya ambavyo majina yake sikuweza kuyatamka hata nilipokuwa na meno yote. Hatukuwa na jina kwenye mchezo wa mmoja mmoja, tulikuwa watu wa wawili wawili tu, na Kaka yangu huyu alimwambia baba mbele yangu kwamba mchezaji wa wawili ni nusu ya mchezaji. Nusu! Ngoja nikueleze, Kaijage, kwa sababu miaka arobaini umekaa na hiyo nusu yako mdomoni. Mmoja anasimama karibu na wavu. Mwenzake yuko nyuma yake, anaanzisha mpira kwa nguvu zake zote, na ule mpira unapita hapa, hapa kando ya sikio, unausikia unavyovuma, na wewe hugeuki. Ukigeuka kutazama umekwisha, utaupokea usoni. Unaweka tu mkono mgongoni, unamwonyesha kwa vidole upande unaokwenda, naye anakuamini. Elieza ni wa mkono wa shoto, mpira wake ulikuwa unakuja umejikunja kama nyoka aliyekanyagwa, na haukunigusa hata siku moja. Nimempa mtu huyu mgongo wangu miaka kumi na minne. Wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, sijawahi kukupa mgongo hata dakika moja, na nilikuwa sahihi, kama tutakavyoona sasa hivi.

Nipe maji kidogo, Klaudia. Kidogo. Inatosha.

Mnayoyasikia mitaani kwamba nilimtupa Elieza ni kweli. Nilimtupa. Sitakufa nikilipaka sukari. Mwaka 1988 bega lake liliharibika, daktari akasema apumzike miezi sita, akarudi Muleba. Mimi nikabaki Harare. Akanijia mtu mmoja mrefu, mchezaji mzuri, akasema tujiandikishe pamoja kwa mashindano makubwa ya Ulaya, yale yanayochezwa juu ya majani, nafasi ipo, lakini fomu inafungwa kesho. Ningeweza kupiga simu posta ya Muleba. Sikupiga. Niliweka saini, nikapanda ndege, na ndugu yangu akasikia jina langu likitajwa na jina la mtu mwingine kwenye redio, akiwa amekaa barazani na mkono umefungwa shingoni. Tulipigwa seti mbili bila hata kutoa jasho. Yule bwana mpira wake wa kwanza ulinipiga kisogoni.

Cheka, Mwesiga, nakuruhusu, kwa sababu hapa mbele hutacheka.

Katika mwezi uleule mimi nilipokuwa nakimbia juu ya majani ya watu, mama yenu Ephrasia alikuwa na mimba kubwa, yuko peke yake humu ndani. Elieza alikuwa ameahidi kwamba nikisafiri atakuja kila Jumamosi kuitazama nyumba yangu, ndivyo omukago unavyotaka. Alishasikia redio. Alishajua nimemtupa. Jumamosi ikafika, akapanda basi akaja, na mkono wake umefungwa vilevile. Alimkuta mama yenu sakafuni, uchungu umemshika tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya. Alitoka akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la kahawa, dereva akapiga honi akatukana matusi yote, Elieza hakutoka. Wakampakia mama yenu juu ya magunia, yeye amemshika kwa huo mkono mmoja mpaka Bukoba mjini. Wakampasua, wakatoa mtoto. Mtoto huyo ni wewe, Mwesiga. Wewe uliyempigia simu mtu wa dawa aje na kondoo.

Tuliwaambia siku zote kwamba ni jirani aliyempeleka. Mimi ndiye niliyetaka muambiwe hivyo, maana niliona aibu, nayo aibu imenikalia miaka thelathini na saba. Na Elieza hakufungua kinywa, hata siku mliyomwita mzee wa Muleba anayekuja kula ndizi zetu. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo ndilo ninalojutia kuliko lile la Harare.

Niliporudi nilikwenda Muleba kwa miguu kutoka stendi, nikiwa na maneno mengi ya kuomba msamaha, na sikuwahi kuyasema hata moja. Alinitazama, akaniuliza, "Mmeshinda?" Nikamwambia tumeshindwa. Akasema, "Afadhali." Halafu akaita chakula. Bega lilipopona tukacheza tena miaka saba. Huyo ndiye mtu niliyemtupa. Kama buni ilikuwa na haki ya kuvimba, ingevimba mwaka ule, isingengoja mpaka leo. Tumbo hili nimelivimbisha mwenyewe, kwa lubisi ya ndizi na pombe kali, nilipoacha kucheza nikawa sijui nifanye nini na mikono yangu. Andikeni hivyo. Waambieni watu msibani, Rweyemamu aliuawa na chupa aliyoinunua mwenyewe, asisingiziwe ndugu yake.

Sasa Kaijage. Kaa, sijamaliza na wewe. Uliwaambia watoto kwamba dawa haiwezekani bila Elieza kuwepo, na hapo ulisema kweli. Lakini ulimwambia nini Elieza ili aje? Leo asubuhi nilimwona ameingia bila kunitazama machoni, amekataa chai, amekataa hata kukaa kwenye kiti chake. Nikamuuliza mke wa Mwesiga, akaniambia. Ulimpigia simu ukamwambia, "Mdogo wangu anaomba afunguliwe kwako, anataka kufa bila mzigo wako." Mzigo! Na huyu mzee, ana miaka sitini na nane, goti bovu, akapanda gari akaja kunifungua, kwa sababu aliambiwa mimi ndiye ninayetaka.

Elieza. Nitazame. Sikuomba. Sijawahi kuomba. Hawakuniuliza, walipanga jikoni kama wanapanga kuuza mbuzi. Mimi nife nimefunguliwa kwako, nibaki na nani? Na huyu mwenye fimbo? Usilie, bwana, sisi wawili tukianza kulia hapa nani atawanyamazisha hawa watoto... Nipe huo mkono. Siyo huo. Wa shoto.

Sikilizeni haraka basi, maana naona nyumba inazunguka.

Nikifa, Elieza ndiye atakayesimama kichwani mwangu, na udongo wa kwanza ni wake. Kaijage atafuata nyuma yake, na kama hataki kufuata abaki nyumbani kwake, sitakwenda kumwita. Kwenye matanga Elieza alale ndani, kwenye chumba hiki, siyo nje na wageni. Mwesiga, kuanzia leo ni baba yako mdogo, umwite hivyo mbele ya watu. Akiugua, wewe ndiye utakayempeleka hospitali, hata kama ni kusimama mbele ya lori. Klaudia, mwanangu, usinililie kwa kosa la jikoni, limekwisha, nimekusamehe kabla hujaomba. Kahawa yako uichume ikiwa imeiva, usiwasikilize wanaokuharakisha. Watoto wenu wote, Mungu awape afya. Awape... mtu mmoja. Mmoja tu wanayeweza kumpa mgongo. Hata wewe Kaijage, nakuombea umpate, ingawa umechelewa.

Nimechoka. Inua mto, Elieza. Hapo.

Mwesiga, toa simu. Siyo baadaye, sasa, nikiwa nasikia. Mpigie yule mtu, mwambie asipande gari, kondoo wake amrudishe zizini. Sema kwa heshima, naye anatafuta riziki. Anauliza nani amekataa? Mwambie... subiri, nivute pumzi... mwambie tumekataa sote wawili.