Wembe na Jua la Handaki

Akina mama wenzangu, mmenyamaza kwa adabu tangu niingie chama hiki, lakini macho yenu nayaona. Sina sikio la kushoto. Leo nitawaambia lilikokwenda.

Mimi ni zeruzeru, na dada yangu mkubwa alikuwa zeruzeru vilevile. Mama alitulea kwa akili. Tulilima alfajiri, na jua likipanda tulikuwa tayari kivulini, tunachambua maharagwe.

Halafu ikaja Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Tukabomolewa nyumba, tukafungiwa katika kijiji cha boma huku juu ya Githongo, na kila mtu mzima akapelekwa kuchimba lile handaki la kuzunguka msitu, la kuwazuia wapiganaji wa msituni, asubuhi hadi jioni. Tulijifunga leso, tukavumilia. Kisha baba akafa. Desturi yetu mnaijua: aliyefiwa hunyoa, na hajifuniki kichwa mpaka matanga yaishe. Tukanyolewa, tukarudi handakini vichwa wazi. Nani angemnyima baba heshima yake?

Ngozi ilibabuka, ikapona. Baadaye kikatokea kidonda sikioni mwangu, na kingine utosini mwa dada. Vidogo tu, kama mtu amechomwa na mwiba. Kinakauka, unasema afadhali, kesho kinavuja damu tena. Wazee wakasema kuna mwiko tumevunja. Mbuzi akachinjwa. Ndugu zangu, nawaambia, kidonda hakikujua habari ya mbuzi.

Daktari wa misheni alipokuja kijijini alivitazama, akasema ni kansa ya ngozi, imeletwa na jua, na ikikatwa mapema mtu huishi. Dada aliogopa kisu.

"Tangulia wewe," akaniambia. "Ukirudi mzima, nami nitaenda."

Nikaenda, sikio likabaki hospitali. Lakini njia zilifungwa, na ruhusa ya kurudi nikanyimwa kwa miezi. Nilipofika hatimaye, dada alinipapasa hapa, akacheka, akasema yuko tayari. Daktari akamfungua leso, akakipima kidonda kwa vidole. Kilikuwa kimeshaingia mfupani. Alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Inaniuma hadi leo, jamani, kwa sababu alikuwa tayari.

Siku ya kumzika, shangazi alikuja na wembe. Nikainama. Mama akamshika mkono.

"Huyu hanyolewi. Mmoja amenitosha."

Akavua leso yake, akanifunga, yeye akabaki juani kichwa wazi.

Namshukuru daktari yule, na mume wangu aliyenipenda hivi nilivyo, nanyi mnaoniachia kazi za kivulini bila kuninunia. Kidonda kisichopona msikifunike. Kipelekeni kikiwa kidogo. Na mtoto wa ngozi yangu akizaliwa kwenu, mshoneeni kofia pana mapema.

Juzi tulipomzika Mama, mlinong'ona kwamba binti yake amekataa kunyoa. Niliwasikia, hata kwa sikio moja. Leso mliyoniona nayo kaburini ndiyo ileile aliyonifunga.