Umechomoa?

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Limeegeshwa kwenye ukuta wa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro, na mwenye nalo hajulikani. Kila asubuhi Mjomba Birika huweka jiko lake la makaa mbele ya benchi hilo, na wenyewe wa pale wakishapata kikombe cha kwanza, hakuna jambo wasiloliweza. Wamekwisha kusuluhisha vita, wamekwisha kufundisha makocha wa mpira, na kuna mtu walimshauri akaacha kazi yenye pensheni. Wiki tatu nyuma walimshauri Fundi Feni kuhusu video zake, na jamaa wa watu akawasikiliza. Balaa lilianzia hapo, ingawa asubuhi hii, alipovuka barabara mbio mbio na simu mkononi, yeye mwenyewe alikuwa bado hajajua.

— Wazee, nimekwisha! akasema kabla hata ya kukaa. Video ya jana imetazamwa na watu mia moja na tisa.

— Si haba, akasema Mjomba Birika, akimimina. Mimi siku nzima sipati vikombe mia.

— Mjomba, mwezi uliopita walikuwa elfu nane!

Hapo hata Mjomba akaacha kumimina.

Fundi Feni karakana yake iko ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka kwenye benchi. Anatengeneza feni, pasi, blenda, chochote chenye waya. Mwaka jana, wateja walipoanza kupungua, alisimamisha simu kwenye kijiti akaanza kujirekodi akifanya kazi. Watu wakapenda. Wakaongezeka mpaka duka moja kubwa la vifaa vya umeme likamwita: tutakupa vipuri uviuze kwa jina lako, ila mwisho wa mwezi tuone watazamaji wanaorudi kila video, wapita njia hatuwataki. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa. Leo Jumanne. Asubuhi hiyo alikuwa katikati ya kulehemu waya wa blenda alipoona ile mia moja na tisa, akaacha kila kitu akaja mbio. Nakaa dakika mbili tu, alijiambia.

— Tuanze na hesabu, akasema Takwimu, akijinyoosha shingo.

Huyu Takwimu aliwahi kupewa kazi ya kuhesabu magari barabarani kwa wiki mbili, na tangu hapo haongei bila asilimia.

— Asilimia sabini na mbili ya watazamaji huondoka sekunde ya saba. Wewe sekunde ya saba unafanya nini?

— Nafungua skrubu.

— Umeona? Nani anakaa kumtazama mtu anafungua skrubu? Sekunde ya saba inabidi ulie.

— Nilie kwa nini?

— Hilo watajiuliza wao. Wakijiuliza, watabaki.

Dalali akacheka mpaka kahawa ikamrukia kwenye shati. Dalali kazi yake ni kutafutia watu nyumba, na mwenyewe anaishi kwa dada yake.

— Achana na huyu. Sikiliza mimi ninayeishi na watu. Mtazamaji ni mpangaji. Mpangaji habembelezwi, anatishwa! Mimi nikimpeleka mtu kuona chumba, lazima tumkute mpangaji mwingine mlangoni, anataka kulipa.

— Mpangaji gani?

— Shemeji yangu. Namnunulia soda. Sasa na wewe tangaza: video ya kesho ni ya watu hamsini tu. Wa hamsini na moja hapiti!

— Lakini ninao mia moja na tisa.

— Wafukuze hamsini na tisa! Watakaobaki hutawatoa hata kwa maji ya moto.

Fundi akataka kucheka, akashindwa. Mjomba Birika akampa kikombe.

— Mimi mtu akirudi mara ya pili, namuuliza mgongo unaendeleaje, akasema Mjomba. Au mtoto amepona? Basi. Kesho anarudi tena.

— Mjomba, hii ni biashara ya mtandaoni, akasema Dalali. Habari za migongo waachie wenye birika.

Mjomba akapulizia makaa yake.

— Hebu tusomee wanachoandika, akasema Takwimu. Dawa iko kwenye maoni.

Fundi akafungua simu, akasoma kwa sauti:

— "Mbona leo kimya?" Mwingine: "Fundi kuna nini huko, mbona hapasikiki?" Mwingine: "Umechomoa?" Na huyu: "Umechomoa?" Na huyu naye: "Umechomoa, fundi?" Na alama ya moyo.

— Loo! Dalali akapiga paja. Bado wanakucheka! Wiki tatu sasa, na bado wanakucheka!

Ngoja hili nilieleze vizuri. Fundi Feni ana mke, na mkewe alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana. Kazi yake ilikuwa kufunga kitambaa chenye jina la mteja kwenye kila pasi na kila feni, ili kisipotee cha mtu. Na kila mumewe alipochukua bisibisi, mkewe aliuliza kutoka mlangoni, bila hata kuinua uso: "Umechomoa?" Yaani waya umeutoa ukutani? Kila siku. Kila feni. Sauti ile iliingia katika video zote, kwa sababu karakana ni ndogo na mama yule hajui kunong'ona. Kuna siku Fundi alijibu "nimechomoa" na kumbe hajachomoa, feni ikamrusha mpaka kwenye rundo la pasi, na mkewe akasikika akisema, "Haya, sasa chomoa." Ile video ilitazamwa kuliko zote.

Benchi likakaa kikao. Likaamua kwamba Fundi anadhalilishwa.

— Mjasiriamali hakaripiwi na mkewe mbele ya kadamnasi, Dalali alisema siku ile.

— Asilimia themanini ya maoni yanamtaja yeye, si wewe, alisema Takwimu. Anakuibia watazamaji nyumbani kwako mwenyewe.

Fundi akanunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, isiyonasa sauti za nyuma. Akamwambia mkewe, "Nikiwasha simu, kaa kimya, unaniharibia kazi." Mkewe akamtazama kidogo, akasema, "Sawa." Siku ya nne akaaga kwamba anakwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. Mtoto wa dada huyo alikuwa tayari anatambaa siku hiyo anaaga.

Tangu hapo Fundi anakula wima, sufuria mkononi. Karakana ina pasi nne zisizojulikana za nani. Alikuwa amemkumbuka mkewe, lakini kwenye benchi lile mwanamume hasemi hivyo. Anasema watazamaji wamepungua.

— Kinachonisumbua, akasema Fundi, ni kwamba sauti tuliiondoa. Sasa mbona wamekimbia?

Takwimu akafumba macho kama mtu anayepokea simu kutoka mbali.

— Sauti ya mkeo ilikuwa nzito, sivyo?

— Kiasi.

— Basi ilikuwa inabebwa na mtandao pamoja na video. Mtandao ukazoea ule mzigo. Sasa video zako ni nyepesi mno, zinapita bila watu kuziona! Ongeza uzito. Rekodi ukiwa umebeba jiwe.

— Jiwe litasikika vipi?

— Wewe utakuwa unaguna.

— Aaa, jiwe halitoshi, Dalali akaingilia. Wazee, tusizunguke. Huyu inabidi afe.

Mjomba Birika akaweka birika chini.

— Afe?

— Siku kumi tu! Mimi natokea kwenye video yake, nimevaa nyeusi, nasema feni imetuondolea. Nchi nzima inalia. Siku ya kumi anatokea, na bisibisi yake mkononi. Nani atamwacha tena mtu aliyefufuka?

— Asilimia sifuri, akakiri Takwimu.

— Na nitakaa wapi hizo siku kumi? akauliza Fundi. Na aibu iliyoje, tayari alikuwa anaifikiria.

— Nina chumba. Hakina dirisha, lakini marehemu haangalii nje. Mjomba, leo umeunguza kahawa?

— Kahawa yangu haijawahi kuungua, akasema Mjomba kwa hasira.

— Kuna harufu.

— Ni shati lako.

Wakiwa katika kubishana hivyo, akatokea mwanamke mmoja, amekumbatia pasi iliyofungwa ndani ya taulo. Viganja vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kazi ya kufua, na alikuwa anasoma vibao vya maduka kimoja kimoja kama anayetafuta nyumba ya ndugu.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia.

— Samahanini. Fundi Feni ni yupi hapa?

— Ni mimi.

Uso wa mwanamke ukafunguka wote. Akamtazama Fundi, akatazama simu yake, akacheka kidogo, kisha akauliza:

— Umechomoa?

Dalali akaanguka kwa kicheko, tofali likateleza, na benchi zima likainama upande.

— Si nimesema! Sasa wanamfuata mpaka hapa kumcheka!

— Simcheki, baba, akasema yule mwanamke. Mimi ni dobi. Mwaka mzima huu nikianza kupiga pasi nafungua video za huyu kaka. Feni sizijui, skrubu sizijui. Namsubiri yule mama aulize. Akiuliza, na mimi nageuka kuangalia ukutani kwangu. Mara mbili ameniokoa nisiunguze nyumba. Kwangu hakuna mwingine wa kuniuliza.

Dalali akajifanya anarekebisha tofali.

— Nimeshangaa wiki hizi simsikii, dobi akaendelea. Nimeona nije na pasi yangu, nimwone mwenyewe, nimsalimie. Basi na mimi nimeona niulize kama yeye. Umechomoa, kaka?

Fundi akafungua mdomo kujibu. Akakumbuka blenda. Akakumbuka waya aliokuwa anaulehemu, na kile chuma cha kulehemu chenye ncha ya moto, alichokilaza juu ya kitambaa ili akimbilie benchini kwa dakika mbili. Zilikuwa zimepita dakika hamsini. Akamtazama Takwimu, na Takwimu, kwa mara ya kwanza tangu yale magari, hakuwa na asilimia.

— Wallahi sijui, akasema Fundi.

Wote wakageuka ng'ambo ya barabara. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni taratibu, kama unaoondoka kwa heshima.

Wakakimbia wote watano, Mjomba na birika lake mkononi. Meza ilikuwa inawaka upande mmoja. Dalali akapiga kelele ya maji, Mjomba Birika akalinyanyua birika lake lililojaa pomoni, akalizungusha nyuma tayari kumwaga.

— Chomoa kwanza! dobi akafoka. Mjomba, usimwage, chomoa kwanza!

Mjomba akaganda na birika lake hewani. Dobi akapita chini ya mkono wake, akashika plagi kwa taulo kavu la pasi yake, akaitoa ukutani.

— Haya, sasa mwaga.

Kahawa yote ya asubuhi ikaishia mezani. Moto ukazima kwa mlio mkubwa na harufu nzuri ya ajabu. Kilichoungua ni meza nusu, kijiti cha simu, na ile maikrofoni ndogo, iliyoyeyuka ikawa kama jojo iliyotafunwa. Kigoda cha mlangoni hakikuguswa.

— Hii tungeirekodi, akasema Dalali akihema.

— Asilimia mia, akasema Takwimu.

— Nyamazeni, akasema Mjomba Birika. Nao wakanyamaza, maana Mjomba alikuwa hajawahi kusema hivyo.

Fundi alikuwa anaogopa, na ni kweli alikuwa anaona aibu, lakini zaidi ya yote alitaka sauti moja tu. Akapiga simu. Ikaita sana. Ikapokelewa.

— Sikuchomoa, akasema.

Kwa mbali, upande wa pili, mtoto alikuwa analia na mtu anagonga sufuria.

— Umeungua? akauliza mkewe.

— Hapana. Ni meza tu. Na maikrofoni.

— Nani aliyechomoa?

— Kuna dada amekuja, dobi. Anasema wewe ndiye uliyemfundisha. Mama watoto, watu wanakuulizia. Kila siku wanaandika.

— Najua. Nasoma.

— Unasoma?

— Nasoma zote. Mwingine kaandika hawezi kulala bila kunisikia. Watu elfu nane wamenisikia, mume wangu. Wewe uliyekuwa hatua mbili kutoka kwangu, ulikuwa unamsikiliza nani?

Fundi akawatazama wenzake mmoja mmoja. Takwimu akainama kuokota kitambaa kilichoungua. Dalali akalichukua birika, akalitikisa, akachungulia ndani kwa muda mrefu, kana kwamba jibu lingekuwa humo. Halikuwa na kitu.