Truphosa na Safu ya Miche Iliyokatwa Mizizi

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Semeni "tega" huko mliko. Nimelea mtoto, alipokua, akanifukuza shambani. Fikirini polepole, nyanya yenu hana haraka.

Leo tunamkumbuka Truphosa, mjane wa Wasike, aliyetuacha Jumatatu kule Elburgon.

Mwaka wa 1956 Truphosa alikuwa kibarua wa msitu. Sheria ilikuwa hivi: unapewa shamba msituni, unapanda mahindi na viazi katikati ya miche ya serikali, na miche unaipalilia. Mwaka wa tatu miche ikitia mahindi kivuli, unahama, unapewa shamba lingine. Narudia: unahama, unapewa lingine. Ndivyo ilivyosemwa.

Lakini jirani yake Masinde alihamishwa, akakaa msimu mzima bila shamba. Akamwambia Truphosa, "Shemeji, jembe halina macho. Gusa mizizi kidogo, mti usirefuke." Siku hizo msemo huo ulikuwa midomoni mwa vibarua wote, yaani ukikata mzizi, sema ni bahati mbaya. Truphosa alikuwa na watoto watatu wa kulisha, Eucabeth mmoja wao. Akakata mizizi ya safu nzima.

Kipketer, askari wa msitu, akaja kukagua. Akavuta mche mmoja. Ukatoka kama kitunguu.

"Mama Eucabeth, jembe halina macho, lakini mimi ninayo. Nikiandika hii, unafukuzwa leo."

"Andika. Na watoto watatu uwaandike pia."

"Kwani ulikata kwa nini?"

"Masinde alihama, akapewa nini? Upepo!"

Hilo lilikuwa kweli. Kipketer akafunga daftari bila kuandika, akaenda zake.

Siku ya tatu alirudi na barua ya ofisi ya misitu, yenye namba ya shamba jipya la Truphosa. "Haya, sasa panda upya safu uliyoikata."

Eucabeth, bintiye, alimsomea barua ile mara tatu. Kisha wakapanda wiki nzima, mvua ikiwanyeshea. Msimu ulipokwisha, wakahama.

Eucabeth ameniambia: "Mwezi uliopita tulimpeleka kule msituni. Safu ile bado ni fupi kuliko zote. Mama akashika mti mmoja, akasema, 'Pole. Nilikuwa sijaona barua.'"

Poleni sana Eucabeth na ndugu zako. Mungu awafute machozi. Nasi tuliobaki, na ninyi mnaotunga sheria za msitu, tukae na neno hilo la Truphosa.

Na kitendawili? Ni mche wa msitu, wajukuu wangu. Ulimfukuza Truphosa, naam. Lakini alikuwa na pa kwenda.