Jiwe Moja Halikuoshwa

Mheshimiwa Wali wa mji wetu, mashekhe zetu, Mwalimu Mkuu wa skuli hii, mabibi na mabwana, assalamu alaykum.

Hotuba hii nimeiandika mwenyewe. Herufi zimekwenda upande, lakini zangu.

Leo tunafungua chumba cha mawe ya kale. Nani katika mji wetu wa Ibra aliyeyaona mwanzo? Mimi, Khalaf bin Hamdun! Nyinyi mkipita na magari yenu kwenda Sur. Mimi nikashuka wadini, kwenye bonde la mto mkavu, nikainama, nikasema, hili limechongwa na mtu. Mkanicheka. Dada yangu Mahfoudha, yule pale kajifunika uso, akaniita Shekhe Kokoto.

Watu wale wa kale walioyachonga hawakuwa na chuma wala shamba. Wakiwinda paa, jiwe hili wakichunia, hili wakikwangulia ngozi, hili wakipasulia mfupa wapate kula uboho. Na Bwana Humoud, mtaalamu wetu kutoka Maskati, alituahidi kuja na kioo chake cha kukuzia, kwani makali ya jiwe huweka alama ya kazi yake: lililokata nyasi hung'ara kama bilauri, lililokwangua ngozi hufifia na kuviringana.

Lakini mgeni anakuja, tumwekee vitu vichafu? Kina Mahfoudha wakayasugua mawe kwa mchanga na jivu kama masufuria, wakayapaka mafuta ya nazi, wakayafukiza udi. Bwana Humoud akafika, akainama na kioo chake, akayageuza moja moja mpaka kahawa ikapoa.

Mahfoudha akamwuliza, "Haya, mwanangu, yanasema nini?"

Akajibu taratibu, "Yanasema mnapenda wageni, bibi."

Jua na mvua za maelfu ya miaka hazikuzifuta alama zile. Tumezifuta sisi, asubuhi moja, kwa heshima zetu. Tumlaumu nani? Tangu siku ile dada yangu hagusi jiwe, na leo nimemburura kuja hapa.

Ila mimi mbishi, mnanijua. Jiwe moja sikumpa alioshe, kwa hasira za ile Shekhe Kokoto. Limo humu, ndani ya kopo la maziwa, na udongo wake. Bwana Humoud kaliomba, nikamwambia langu, nitakufa nalo. Sasa nampa. Mkono wangu lakini hautampa.

Nakushukuruni kwa kunivumilia, maana nasikia nachosha. Mahfoudha, inuka, dada yangu. Lichukue kopo, mpelekee wewe Bwana Humoud pale alipokaa. Usilifungue, usilifute. Hivyo hivyo, na vumbi lake.