Onyo la Mlima la Bi. Petronila

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Petronila Mbawala anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya kituo chetu cha afya, hapa deltani.

Alifika mwaka 1994 kwa mtumbwi, maji yakiwa yamekupwa, akavuka tope la mikoko amekumbatia darubini kama mtoto mchanga.

Kupima sikoseli kwake kulikuwa kama kungoja mwezi uandame. Alifunika tone la damu lisipate hewa, akasubiri. Kisha alimwita mwenye damu achungulie: chembe zilizokuwa duara zimepinda. Wale wazima, waliorithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, aliwaandikia kwenye cheti: “Usipande mlima mrefu kabla ya kumwona daktari. Kule juu hewa ni haba.”

Deltani! Mzee Shaabani wa bandarini hakuchoka kumtania: “Dada Petro, mlima wetu upi? Au hata kichuguu kimo?” Alicheka naye, akaendelea kuandika.

Mwaka 2016 Mwalimu Swalehe alipata nafasi ya kupanda Kilimanjaro. Cheti chake kilipitia mezani kwangu, nikiwa mganga mfawidhi. Niliona onyo lile litamtisha bure. Nikakitia cheti mtotoni mwa meza, nikamwambia, “Mzima kama kiboko. Nenda, Mwalimu.”

Siku ya nne mlimani, ubavu wa kushoto ulimchoma kama mkuki. Bandama yake ilikuwa imekosa damu, chembe zilizopinda zimeziba njia. Waongozaji walimteremsha mbio. Ikatolewa hospitalini, akapona kwa tabu.

Mama yake, Bi. Mwanamina, alikuja akilia: kwa nini hawakuambiwa? Nilimjibu kwamba maabara haikuniletea jibu. Tangu hapo kina mama wengi walipita dirisha la Petronila bila salamu.

Yeye alijua nimesema uongo. Nilipomuuliza mbona hanisemi, alinijibu, “Daktari, uko peke yako huku. Wakikukimbia, watoto wao watatibiwa na nani?” Akarudi kwenye darubini.

Sasa siku zangu ni chache. Nimeomba ukurasa huu usomwe kwa sauti siku hii ya kumuaga, Swalehe na mama yake wakiwa wameketi mbele: Petronila alionya. Aliyelificha onyo ni mimi.

Dada Petro, ahsante kwa subira yako, na unisamehe. Sote tunakuombea siku njema huko kwenu Mbinga, jina lako safi likikutangulia mlangoni.

Dkt. Zebedayo Mgaya
Mganga mfawidhi mstaafu