Hattie Arudi Kwenye Udongo

Waliokuwepo kwenye benchi asubuhi ile ya Jumanne ni hawa. Orville Tackett, fundi wa viatu vya farasi, ambaye tulimwita Nyundo. Ni Tackett, si Hackett kama walivyokosea kwenye kadi yake ya lango. Efraín Tzoc, mtunza farasi kutoka Guatemala, tuliyemwita Daktari kwa sababu hapakuwa na ugonjwa ambao hakuwa na dawa yake. Dewitt Culbertson, mkufunzi, mwenye farasi watano, na kati yao mmoja tu anayestahili jasho lake. Yeye jina la utani alilikataa. Lorna Pickerill, mpanda farasi wa mazoezi, tuliyemwita Sindano. Na mimi, mshika saa, ninayeandika muda wa kila farasi. Benchi hilo liko chini ya dirisha la jiko la uwanja wa Pruitt Bend, huku Kentucky, na watu hukaa hapo katika zile dakika ishirini za kuanzia saa mbili na nusu, mazoezi yanaposimamishwa ili matrekta yapite na haro, yale meno ya chuma ya kuchambua udongo, kuilainisha njia. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Hakuna aliyekaa akatulia.

Neno lilikuwa moja tu, Hattie. Farasi jike huyo wa Culbertson aliumia kifundo cha mguu wa mbele wa kushoto msimu wa majani kupukutika. Majira yote ya baridi alifanya mazoezi katika uwanja mwingine kaskazini, ambako njia ni mchanga uliochanganywa na nta, nyuzi na vipande vya mpira. Sisi huiita zulia. Alirudi kwetu Jumapili. Matrekta yakimaliza, Sindano angemkimbiza kwa kasi nusu maili kwenye udongo wa njia yetu, mara ya kwanza tangu aumie. Akifanya vizuri, Jumamosi anashindana.

Nyundo: Mimi nasema zulia limemdekeza. Jana nimemvua viatu, vimetoka kama vilivyoingia. Ni kama mtu aliyeshinda nyumbani na soksi miezi minne.

Sindano: Kwa hiyo kosa lake ni kwamba hajachakaa?

Nyundo: Kosa lake hajazoea. Kwato ikitua kwenye udongo inateleza kidogo, ndipo inasimama. Zulia linashika pap! Mguu umesimama, mwili bado unakwenda. Nguvu yote inapanda nyuma mpaka kwenye nyonga.

Daktari: Nyonga dawa yake siki na udongo mwekundu.

Sindano: Wewe hata moyo ukivunjika utaupaka siki.

Daktari: Nimewahi. Ulipona.

Culbertson hakucheka. Alikuwa anapiga kisigino chini, tap tap tap, macho kwenye matrekta.

Culbertson: Hesabu ziko wazi. Kwenye zulia wanakufa wachache, hilo sibishi. Lakini farasi wa baba yangu walikimbia udongo mwaka mzima na mifupa yao ilikuwa kama reli. Hawa wa leo ni biskuti.

Sindano: Mzee, ulikuwa na umri gani wakati huo?

Culbertson: Miaka sita.

Sindano: Na wale waliovunjika miguu, uliambiwa wamekwenda wapi?

Culbertson: Malishoni.

Sindano: Haya basi.

Nyundo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia mkono. Culbertson alitazama ndani ya kikombe chake cha karatasi kwa muda, kama mtu aliyekuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Daktari: Ninyi nyote hamjui siri ya zulia. Siri ni nta. Farasi ananusa nta, anadhani yuko kanisani. Anatulia. Hashtuki, hajirushi. Sasa ataumiaje?

Nyundo: Acha hizo! Farasi wa Kentucky ni Mbaptisti. Hana habari na mishumaa yako.

Daktari: Pua haina dhehebu, bwana.

Nyundo: Sikilizeni niwaambie. Ni chuma. Udongo wa hapa una chuma, na kiatu kina chuma. Vinavutana. Kila hatua farasi anang'oa mguu kama anang'oa msumari.

Sindano: Viatu vya Hattie ni alumini. Umevipiga wewe mwenyewe jana.

Nyundo: Alumini nayo ina mambo yake.

Culbertson: Hapana, ni ule mpira. Mpira wenyewe ni wa matairi yaliyosagwa, sivyo? Tairi limezunguka barabarani maisha yake yote, limeshazoea kwenda. Farasi akilikanyaga, linamsukuma mbele.

Daktari: Bosi, hapo umenizidi.

Sindano alisimama, akaikaza kamba ya kofia yake kidevuni, akaketi, akaifungua tena.

Sindano: Hayo matrekta yanahesabu punje za mchanga au vipi? Sikieni. Kwenye zulia nimeanguka mara tatu, nikajipangusa nikaenda kula. Kwenye udongo mara moja, nikalala miezi minane na chuma pajani. Ninyi endeleeni na mishumaa yenu. Atakayekuwa juu ni mimi.

Culbertson: Kama hutaki sema mapema. Nitatafuta mwingine.

Sindano: Nani kasema hataki? Nani amempanda tangu ana miaka miwili? Wewe umtafute mwingine, halafu akamvute mdomo! Nimesema tu, ninyi endeleeni.

Hapo ndipo alipofika Bibi Verlene Stamper, aliyeanza kutuletea nyasi kavu kwa lori wiki hiyo hiyo. Alinunua kahawa dirishani, akasimama pembeni yetu akisikiliza habari za chuma na nta. Kisha akauliza.

Bibi Stamper: Samahanini. Nani kamtazama huyo farasi kwenye lami leo?

Farasi anayekwenda kukimbizwa kwa kasi, kwanza huongozwa kwa kamba mchakamchaka kwenye lami nyuma ya mabanda, kwenda na kurudi, na mtu mmoja husimama kumtazama kichwa. Mguu wenye maumivu unaweza kunyamaza kwenye ardhi laini. Kwenye lami, kila ukigusa chini, kichwa kinaruka juu. Hilo sisi hatuhitaji kuambiwa. Lakini kule kaskazini mabanda yamezungukwa na maganda ya mbao, lami iko mbali nje ya lango, na kwa miezi minne Hattie hakuwa ameikanyaga.

Culbertson alimgeukia Daktari.

Daktari: Mimi nilimtoa saa kumi na moja na nusu, bosi. Nikasimama naye nakungoja. Ulikuwa ofisini. Nikajua basi ulimwona jana na Nyundo.

Nyundo: Na Nyundo yupi? Jana nilimvisha viatu bandani, hata mlangoni hakutoka. Nilijua mtamtoa leo.

Culbertson: Mimi nilidhani...

Walinitazama mimi. Katika daftari langu nilikuwa nimeshaandika jina la jike, masafa, na jina la mpanda. Mshika saa haulizi habari za lami.

Bibi Stamper: Si dakika mbili tu? Mtoeni sasa.

King'ora kililia. Haro zilikuwa zinatoka njiani, na kila mtu pale hutaka farasi wake aingie mwanzo, kabla kwato za wengine hazijautifua udongo. Farasi wawili wa banda la jirani walikuwa wameshatupita wakielekea mlango wa njia. Culbertson alitazama saa yake, akautazama mlango, akamtazama Sindano.

Culbertson: Amekula vizuri. Mguu hauna joto, nimeushika mwenyewe.

Sindano: Nitampeleka mdogomdogo mpaka kona. Akiwa na kitu nitakisikia. Nikikisikia narudi naye, na usije ukanifokea, mzee.

Culbertson: Sitakufokea.

Sindano alimaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja. Yeye, Culbertson na Daktari walikwenda bandani, na baada ya muda mfupi nilimwona Daktari akiushika mguu wa kushoto wa Sindano na kumrusha juu ya tandiko. Bibi Stamper alikuwa bado amesimama pale pale.

Bibi Stamper: Kwa hiyo hakuna aliyemtazama?

Nyundo: Mama, kunywa kahawa yako.

Nilipanda kwenye kibanda changu cha juu. Hattie alipita mbele yangu mchakamchaka, udongo uliolainishwa ukifunika kwato zake, na kichwa chake kilikuwa kimetulia. Sindano aliinua kiboko kunipungia kwamba anaanza. Robo maili ya kwanza nimeiandika, sekunde ishirini na nne na moja ya tano. Ya pili haina namba, Hattie alianguka kabla ya kuimaliza.

Lorna Kay Pickerill, mpanda farasi wa mazoezi, umri miaka arobaini na tisa, alifariki kwenye njia ya Pruitt Bend saa tatu na dakika tano asubuhi hiyo.