Maktaba ya Paa Bapa

Sogeeni, wanangu, nawe Tuulikki, binti yangu, niwekee mto mgongoni, maana nikilala chali pumzi inanipotea na leo nina maneno mengi. Sauna ya ziwani, kile kibanda cha kuogea mvuke, ni yako, wewe ndiye uliyeniwashia moto nilipougua. Shemeji yangu Aarne hajanisemesha tangu nilipokataa kumchorea nyumba ya paa la mgongo. Akija kunizika mpeni kiti cha mbele, tumenuniana vya kutosha.

Sasa wewe, Oiva. Usiangalie dirisha, niangalie mimi. Nilijenga shule na kituo cha reli kule Viipuri, vita vikaisha vyote viko ng'ambo ya mpaka, kwa Warusi, sijavitia machoni tena. Upande huu nimebakiwa na maktaba tu, nanyi madiwani mnataka kuivunja mumpe mwenye duka jipya linalokuja mahali pa kuegesha magari. Mnasema paa bapa linavuja. Linavuja kwa sababu mmeacha kupanda na makoleo kuondoa theluji, kazi waliyoifanya bure wale waliokimbia Karelia Warusi walipoichukua, watu waliobeba matofali ya maktaba ile huku wenyewe bado wanalala kwenye sauna za wenyeji. Nimekuomba kwa upole, nimekuomba kwa hasira, unanijibu, "Baba, chama kimeshaamua." Naogopa, mwanangu. Naogopa kufa kama mtu ambaye hakuwahi kujenga hata banda.

Basi sikuombi tena uwapinge wenzako. Mwenye duka anataka jibu siku ya kura, Alhamisi ya mwisho ya mwezi huu, asipolipata anakwenda mji mwingine. Nizikeni Alhamisi hiyo. Najua sisi huzika Jumamosi. Mchungaji akinung'unika, mwambieni marehemu ndivyo alivyotaka. Waalike madiwani wote, Oiva, kahawa iwe nyingi, mikate ya iliki iwe mingi, na keki iletwe mwisho kabisa, maana hakuna mtu wa huku anayeinuka kwenye kahawa ya msiba kabla ya keki. Wewe kaa nao tu, wamiminie. Hilo unaliweza.

Maji, Tuulikki... yatosha. Mungu awalinde, wanangu, awape watoto wanaopenda kusoma, na msigombane... msigombane mbele ya watu.

Daktari anasema huenda nikafika mpaka barafu ya ziwani iyeyuke, mwezi ujao. Msimsikilize. Nitajitahidi... nitajitahidi niwahi.